Gigahezi tatu za Kahama

Haya, leo naiacha siasa ipumzike. Kila nikirudi nyumbani Kahama kuna kijana ananiuliza swali lilelile: "Kaka, gemu linaganda, ninunue kadi gani?" Na kila mara, kabla sijajibu, namkumbuka mjomba.

Ilikuwa 2009. Mgodi wa Buzwagi ndio kwanza unaanza kutoa dhahabu, Bulyanhulu ulikuwa na miaka minane kazini, na mji ulijaa vijana wenye vijisenti na wasio na pa kwenda jioni. Mjomba akafungua chumba cha gemu karibu na stendi: kompyuta nne za mtumba, zote Pentium 4 ya gigahezi 3, feni ya dari moja, pazia jeusi mlangoni. San Andreas ilikwenda bila matata. Kisha akapata GTA IV. Siku ya kwanza watu walipanga foleni mpaka nje. Siku ya tatu foleni haipo. Gari likikata kona, picha inaganda, inaruka, na mchezaji anajikuta kapigiza ukutani, polisi wamemzunguka. Anataka arudishiwe hela yake, na mjomba anarudisha.

Mjomba alikuwa mtu wa hesabu. Akasoma mahitaji ya gemu: prosesa ya Core 2 Duo, gigahezi 1.8. Akacheka. "Wao wanataka moja nukta nane, sisi tuna tatu kamili!" Kwa hiyo prosesa ikaachiwa huru na kosa likaangukia kadi ya grafiki. Mimi, mwanafunzi wa sekondari na "mtaalamu" wa ukoo, nilikubali kwa kichwa kizima. Akauza magunia ya mchele, akapanda basi kwenda Mwanza, akarudi na kadi mbili mpya. Tukazifunga usiku. Asubuhi gemu likaganda palepale, kona ileile.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mjomba hakuwa mjinga. Alidanganywa na namba ambayo dunia nzima iliiamini.

Pentium 4 ilitoka Novemba 2000, na tangu mwanzo iliundwa ili namba ya gigahezi iwe kubwa. Kila amri ilikatwa vipande vingi vidogo vikapita kwenye mstari mrefu wa hatua. Mwaka 2004, toleo lililoitwa Prescott lilifikisha hatua 31. Saa inapiga haraka sana, lakini kazi inayofanyika katika kila pigo ni ndogo, na prosesa ikikisia vibaya amri inayofuata, mstari mzima unamwagwa na kuanza upya. Gemu, lenye maamuzi ya "ikiwa hivi, fanya vile" kila mahali, ndiyo kazi inayoumia zaidi hapo. Halafu joto likaja kudai chake. Oktoba 2004 Intel ilifuta mpango wa kuuza Pentium 4 ya gigahezi 4, na mkuu wake, Craig Barrett, alipiga magoti kwa utani jukwaani Marekani kuomba radhi. Julai 2006 ikaja Core 2 Duo. Ya gigahezi 2.4 iliiacha nyuma kwenye magemu Pentium 4 ya gigahezi 3.8. Lakini kompyuta za mtumba zilipofika Kahama zilikuja na namba zilizobandikwa kifuani, habari ya magoti ya Barrett haikupakiwa kwenye kontena. (Tusisahau pia kwamba nchi hii ilipiga marufuku kuingiza kompyuta bila kibali mwaka 1974. Nani angekuwa amemfundisha mjomba?)

Sasa, kwa nini kadi mpya haikusaidia hata kidogo? Aliyewahi kufika Nyarugusu kule Geita atanielewa upesi. Kuna duara, wapo waliomo chini wanachimba, ipo winchi ya kupandisha viroba vya mawe, na juu lipo karasha linalosaga. Prosesa ni wale wa duarani: kwa kila fremu inaamua gari lipo wapi, mpita njia kageukia upande gani, risasi imempata nani, kisha inaandika orodha ya vitu vya kuchorwa. Kadi ni karasha: inapokea orodha na kuchora. Kama duara linatoa viroba kumi kwa siku, hata ukileta karasha la pili utapata viroba kumi vilivyosagwa. Karasha litakaa linasubiri huku linakula dizeli.

GTA IV lilikuwa duara refu kupita kiasi. Liliandikwa kwanza kwa ajili ya PlayStation 3 na Xbox 360, na Xbox 360 ina prosesa yenye viini vitatu. Lilipohamishiwa kompyuta Desemba 2008, watengenezaji walipendekeza prosesa ya viini vinne. Mjomba alikuwa na kimoja.

Kinachoniuma ni kwamba kipimo kilikuwepo, na hakikuhitaji senti. Unashusha rezolusheni mpaka chini kabisa, picha iwe mbaya, kisha unarudia sehemu ileile ya gemu. Ukubwa wa picha ni mzigo wa kadi zaidi. Idadi ya fremu ikipanda sana, kadi ndiyo ilikuwa imelemewa. Ikibaki palepale, mgonjwa ni prosesa. Dakika tano, na magunia yangebaki ghalani!

Kwa kweli hata wapimaji wakubwa walikuwa wakipima nusu. Programu kama Fraps, ya tangu 1999, ilikuonyesha fremu kwa sekunde, na watu waliishia kwenye wastani. Septemba 2011 Scott Wasson wa tovuti ya Tech Report akafungua ile sekunde akatazama ndani yake, akapima milisekunde za kila fremu. Fanya hesabu: fremu 59 za milisekunde 14, na moja ya milisekunde 174. Jumla ni sekunde moja, wastani ni fremu 60, karatasi inapendeza. Lakini ile moja ndiyo iliyokupigiza ukutani.

Mtego mwingine bado unanasa watu hadi leo. Kijana anafungua Task Manager, anaona prosesa yake ya viini vinane ipo asilimia 20, anasema imepumzika. Atazame kiini kimoja kimoja. Mara nyingi kimoja kinatoka jasho, vingine vinamtazama, kwa sababu kuna kazi za gemu zisizogawanyika.

Na vumbi, jamani. Vumbi letu la kiangazi. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha video: gemu la Quake III linaendelea, mtu anang'oa chuma cha kupozea prosesa. Athlon ikafuka moshi. Pentium 4 ikajipunguza kasi, picha zikaburuzika, lakini haikufa. Kwa hiyo kama gemu linaanza vizuri na kuchoka baada ya nusu saa, usiende dukani. Fungua kasha upige brashi. Ndani ya zile nne za mjomba tulikuta udongo ambao ungeotesha mchicha.

Mwaka 2012 ofisi moja mjini iliuza kompyuta zake za zamani. Mjomba akanunua mbili zenye Core 2 Quad, gigahezi 2.4, na safari hii hakuuliza mtaalamu. Akachomoa zile kadi za Mwanza, zilizolala miaka mitatu kwenye boksi la viatu, akazifunga. Gari likakata kona, barabara ikaendelea mbele. Akasimama nyuma ya kiti akitazama muda mrefu bila kusema neno, kisha akaenda mlangoni akafuta bei ya zamani kwa kidole, akaandika mpya.