Kalamu ya Lugha ya Pili: Waandishi wa Ukerewe na Wajibu wa Kuwapokea Waandishi Wapya wa Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inadai kwamba mwandishi ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili ahimizwe kuitoa kazi yake mapema, hata kabla hajaimudu lugha barabara, na kwamba wajibu wa kumhimiza ni wa wahariri, walimu na wahakiki. Hoja inajengwa juu ya waandishi watatu wa Ukerewe na mmoja wa Ugogo.

Utangulizi

Watumiaji wengi wa Kiswahili leo walianza kusema kwa lugha nyingine. Ndivyo ilivyo kwa sehemu kubwa ya Tanzania bara, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Hadhi ya lugha nayo imepanda haraka: Rwanda iliifanya lugha rasmi mwaka 2017, SADC ikaipokea mwaka 2019, na mwaka 2021 UNESCO ikatenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Hata hivyo, lugha haikui kwa maazimio ya vikao peke yake. Hukua kwa vitabu, na vitabu huandikwa na watu wenye ujasiri wa kuwaonyesha wengine walichoandika. Mwanafunzi wa Gulu au Huye aliyetunga hadithi kwa Kiswahili akaificha kwa kuogopa kuchekwa ngeli zake ni hasara ambayo hakuna kikao kitakachoifidia.

Hofu hiyo ina chimbuko la kihistoria. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Pamoja na kuunganisha tahajia, Kamati ilikagua miswada na kuidhinisha lugha yake kabla haijaingia shuleni. Kazi hiyo ilikuwa na manufaa. Bila tahajia moja, kitabu cha Tanga kisingesomeka kwa urahisi Kisumu. Lakini ilituachia mazoea mabaya: mswada husomwa kwanza kama karatasi ya mtihani, na yale uliyokusudia kusema husubiri zamu. Mtunzi aliyezaliwa ndani ya lugha huvuka kizuizi hicho bila kukiona. Mwenzake wa lugha ya pili hukwama hapo, na mara nyingi harudi tena.

Kisiwa kimoja, njia tatu

Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria ambacho lugha yake ni Kikerewe, kimetupa ushahidi ulio bora kuliko nadharia yoyote.

Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 na kusomeshwa na wamisionari Wakatoliki, alimaliza mwaka 1945 riwaya ndefu kwa Kikerewe juu ya Myombekere na mkewe Bugonoka, mume na mke waliopendana ila hawakujaliwa mtoto kwa muda mrefu. Masimango ya ndugu wa mume yanapozidi, wazazi wa Bugonoka wanamchukua binti yao, na Myombekere analazimika kwenda ukweni kumkomboa kwa pombe ya ndizi. Humo mna kilimo, uvuvi, uganga na adabu za ugeni, vyote vimeandikwa na mtu aliyeona dunia hiyo ikitoweka. Mchapishaji hakupatikana. Kitereza akaitafsiri riwaya yake mwenyewe kwa Kiswahili, akiwa mzee, katika lugha ambayo hakuzaliwa nayo. Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika. Mwandishi alifariki mwaka 1981.

Gabriel Ruhumbika alianza kwa Kiingereza, akatoa Village in Uhuru mwaka 1969. Kisha akageukia Kiswahili: Uwike Usiwike Kutakucha (1978), Miradi Bubu ya Wazalendo (1992) na Janga Sugu la Wazawa (2002). Ni mtu aliyekwisha kusomwa katika lugha yenye soko kubwa, akakubali kuanza upya ili asomwe na watu aliokuwa akiandika habari zao.

Wa tatu, Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944, ndiye aliyeitikisa fasihi yetu kuliko wote. Rosa Mistika (1971) iliwaudhi wengi hata ikapigwa marufuku shuleni kwa muda. Diwani yake ya Kichomi (1974) ilileta mashairi yasiyofuata vina na mizani, na wapo washairi waliokataa katakata kuyaita mashairi. Nagona (1990) na Mzingile (1991) ziliipeleka riwaya ya Kiswahili kwenye falsafa ambako haikuwa imezoea kutembea.

Tunajifunza nini kwa watatu hawa? Kila mmoja alileta kitu ambacho Kiswahili hakikuwa nacho: Kitereza maisha ya ndani ya jamii ya ziwani, Ruhumbika jicho la kijiji juu ya ahadi za uhuru, Kezilahabi umbo jipya la ushairi na riwaya. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika fasihi ya Kiswahili methali hiyo ni taarifa ya mambo yaliyokwisha kutokea.

Lugha ya pili haimpangii mtu kambi

Huenda msomaji akaona kwamba waandishi wa lugha ya pili ni wavunjaji wa kanuni tu. Mathias Mnyampala anakanusha dhana hiyo. Alikuwa Mgogo wa Dodoma, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969. Aliandika historia na desturi za Wagogo, kisha akawa miongoni mwa nguzo za ushairi wa vina na mizani. Alikuwa mmoja wa viongozi wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, na ndiye aliyeikuza ngonjera hadi ikasikika katika shule na mikutano nchi nzima baada ya Azimio la Arusha. Mgogo akailinda kanuni ya pwani, Mkerewe akaivunja. Wote wawili walikuwa wamejifunza lugha, na wote wawili walihitajika. Basi umahiri hupatikana, nao hupatikana kwa kuandika, kusomwa, kusahihishwa na kuandika tena. Anayesubiri umahiri ndipo atoe kazi anasubiri tunda la mti ambao hajaupanda.

Mezani kwa mhariri

Suala zima huamuliwa mahali padogo: kwenye ukurasa, mbele ya mhariri. Tuchukue sentensi ya kubuni, ya aina ambayo mhariri yeyote wa Kiswahili ataitambua: “Mzee yule alipofariki, moto wa nyumba yetu alilala na hakuna mtu aliamsha.” Mhariri wa kwanza ataitupa. Wa pili ataisafisha: “moto ulizimika na hakuna aliyeuwasha.” Sarufi imepona, lakini sentensi imekufa. Wa tatu ataandika: “moto wa nyumba yetu ulilala, na hakuna aliyeuamsha.” Amerekebisha upatanisho wa kisarufi, ameongeza kirejeshi, na ameacha moto ulale na kuamshwa, kwa sababu huo ndio mchango wa mwandishi.

Kazi ya mhariri huyo wa tatu ni kutenganisha kosa na rangi. Kosa humzuia msomaji kuelewa au humwondoa kwenye hadithi. Rangi humfanya aone jambo kwa namna mpya. Upatanisho wa ngeli, virejeshi na tahajia ni mambo yanayofundishika, na mhariri mzuri huyamaliza kwa siku chache. Picha, mtazamo na tajriba havifundishiki kwa urahisi huo. Kuikataa kazi kwa sababu ya kile kinachorekebishika, huku tukipoteza kisichopatikana kwingine, ni uamuzi usio na hesabu.

Mapingamizi mawili

Pingamizi la kwanza ni kwamba viwango vitashuka. Lingekuwa na nguvu iwapo tungependekeza kuchapisha rasimu kama zilivyo. Tunachopendekeza ni kuisogeza hukumu ya lugha kutoka mlangoni kwenda mezani, ambako ina msaada. Mhariri akifanya kazi yake, kiwango cha kitabu kilichochapishwa hakipungui hata chembe.

La pili ni zito zaidi. Ngũgĩ wa Thiong’o, katika Decolonising the Mind (1986), alimtaka mwandishi wa Kiafrika arudi kwenye lugha za Kiafrika, naye mwenyewe alirudi kwenye Kikuyu. Je, kumhimiza Mkerewe kuandika Kiswahili si kuiacha lugha ya mama ife? Kiswahili ni lugha ya Kiafrika, lakini hatuna haki ya kujifanya kwamba kukua kwake hakujaziumiza lugha ndogo. Hata hivyo, historia ya Kitereza inaonyesha njia ambayo lugha mbili zinabebana. Tafsiri ya Kiswahili ndiyo iliyoiokoa riwaya isisahaulike, na mwaka 2002 Ruhumbika aliitafsiri kwa Kiingereza akirejea mswada wa Kikerewe. Anayemhimiza mtu aandike kwa lugha ya pili amhimize pia aitunze ya kwanza, kwa maana ndiko anakochota.

Hitimisho

Tuzo zipo, ikiwemo ile ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na zimefanya kazi ya kusifiwa. Lakini tuzo humfikia aliyekwisha kumaliza. Pengo letu liko nyuma yake, pale mswada unapohitaji msomaji wa kwanza. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu ziweke vikao vya kudumu vya kusoma rasimu, na mwandishi wa lugha ya pili apewe nafasi bila kuomba radhi kwa lafudhi yake. Wachapishaji wawatake wasomaji wao wa miswada waandike tathmini mbili, moja ya maudhui na usanii, nyingine ya lugha, na mswada usikataliwe kwa ya pili pekee. Wahakiki wa pwani, wenye hazina ya lugha waliyoirithi, wajitolee kuwa walezi wa kalamu changa za bara.

Naye mwandishi aitoe kazi yake. Lugha ambayo wengi wa watumiaji wake walijifunza baadaye haiwezi kuiachia fasihi yake mikononi mwa wachache waliozaliwa nayo, kisha ikatarajia kusema kwa niaba ya Afrika.