Jina na Ukumbusho: Sanamu ya Wafanyakazi wa Reli katika Stesheni ya Paddington

Nomino ukumbusho hutokana na kitenzi kukumbusha, ambacho huchukua yambwa mbili: anayekumbushwa na anayekumbukwa. Historia ya kumbukumbu za vita inaonyesha jinsi yambwa hiyo ya pili inavyohifadhiwa au kupotezwa.

Wafanyakazi 25,479 wa kampuni ya reli ya Great Western nchini Uingereza walijiunga na majeshi katika Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918). Kati yao, 2,524 walipoteza maisha. Sanamu ya kuwaenzi ilizinduliwa tarehe 11 Novemba 1922, jukwaa namba 1 la stesheni ya Paddington, London. Mchongaji wake, Charles Sargeant Jagger, alikuwa amepigana na kujeruhiwa katika vita hivyo. Hata hivyo, hakuonyesha askari anayeshambulia, bali askari aliyesimama kimya, koti zito mabegani na skafu shingoni, akisoma barua.

Mpita njia huona idadi ya waliokufa, lakini haoni majina yao. Majina hayo yamo katika kasha lililofungwa chini ya sanamu, ambalo lilitengenezwa katika karakana ya kampuni hiyo huko Swindon. Kwa hiyo askari huyo asiye na jina amesimama juu ya majina 2,524.

Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, nayo ina umbo la mtu mmasikini wa jina. Maandishi yake, yakiwemo ya Kiswahili, huwataja askari na wapagazi kwa makundi tu. Hapa hakuna kasha.

Je, tofauti hii ilitokana na uhaba wa kumbukumbu pekee? La. Tume ya Makaburi ya Vita, iliyoundwa mwaka 1917, ilishika kanuni ya kuwatendea wafu wote kwa usawa. Ripoti yake ya mwaka 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi wa rangi ulichangia uamuzi huo.

Kampuni ya reli iliwahesabu wachukuzi wake wa mizigo kuwa watu wake, ikawaandika mmoja mmoja. Mpagazi wa Afrika Mashariki alibeba mizigo ya jeshi hadi kufa, naye akaachwa katika nomino ya wingi.