Dodoma na mafahari wake wawili

Najua nimepotea, mitihani ilinibana sana. Leo naleta historia kidogo, maana wengi wetu tunakaa Dodoma miaka mitatu, tunavaa joho, tunaondoka bila kujua mji wenyewe umetokea wapi. Ukipanga chumba mtaani utawasikia wazee wakisema "enzi za CDA" kwa sauti ileile ya kusema enzi za mkoloni. Kwa nini? Twende taratibu.

Sensa ya 1967 iliikuta Dodoma na watu 23,000 na ushee tu. Kamji ka reli na vumbi. Oktoba 1973 TANU ikaamua makao makuu ya serikali yahamie hapa, na kazi iishe ndani ya miaka 10. Mwaka huohuo Rais Nyerere akaunda kwa amri yake Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ndiyo hiyo CDA. Mwaka 1976 ikatoka ramani kuu ya mji, imechorwa na kampuni ya Canada.

Sasa shikeni hapa, maana ndiyo kiini cha habari yangu. Mwaka mmoja kabla, 1972, serikali ilikuwa imeanzisha mpango wa Madaraka Mikoani. Jina tamu kweli, lakini matokeo yake halmashauri za kuchaguliwa zilifutwa, za wilaya kwanza, kisha za miji. Maana yake CDA ilizaliwa wakati sauti ya mtu wa Dodoma kwenye mambo ya mji wake inazimwa. Halmashauri za miji zilirudishwa 1978, baada ya huduma mijini kuoza na kipindupindu kupiga hodi. Mwaka 1984 Nyerere mwenyewe alikiri kwamba lau angeanza upya, asingezifuta serikali za mitaa.

Basi madiwani wa Dodoma waliporudi, wakakuta ardhi ya mji ina mwenyewe tayari. Kazi zikagawanyika hivi: manispaa ihangaike na masoko, shule za msingi, zahanati na takataka, CDA ishike viwanja, ramani na vibali vya kujenga. Wewe mwananchi unamchagua diwani, unamlalamikia diwani, lakini nyumba yako ikiwekewa alama ya X diwani hana la kufanya. Anayeivunja hakuomba kura kwako, na wakubwa wake wanateuliwa kutoka juu.

Halafu kulikuwa na ile karatasi. Mwenye kiwanja mjini kwingine alikuwa anaweza kupata hati ya miaka 99. Dodoma ulikuwa mpangaji wa CDA kwa miaka 33. Hebu fanyeni hesabu: mtu aliyepewa kiwanja 1980 akiwa na miaka 35, mkataba wake unakwisha 2013 akiwa mzee wa miaka 68, tena ndani ya nyumba aliyoijenga kwa jasho lake. Hapo unategemea apende makao makuu?

Tusiwaonee lakini. Ukipita Area C au Area D ukaona mitaa imenyooka na nyumba zinafikika kwa gari, hiyo ni kazi ya kupanga mji, na CDA walikuwa wanapanga. Miji yetu mingi ingetamani hilo. Ila ukienda Chang'ombe unaona upande wa pili: watu walijenga bila kusubiri ramani, kwa sababu maisha hayasubiri.

Mafahari hao wawili walikaa zizi moja karibu miaka 40. Chuo chetu kilipoanza 2007 CDA bado ilikuwepo. Tarehe 15 Mei 2017 Rais Magufuli akasaini kuivunja, mali na kazi zake zikaenda manispaa, na akaagiza mikataba ya miaka 33 igeuzwe kuwa hati za miaka 99. Tarehe 26 Aprili 2018, sikukuu ya Muungano, akatangaza Dodoma kuwa jiji.

Watu walishangilia, na mimi nawaelewa. Lakini kuna kitu kinanikera. CDA ilizaliwa kwa saini ya Rais, ikafa kwa saini ya Rais. Mara zote mbili baraza la madiwani halikuwa mwamuzi. Hata leo meya anachaguliwa na madiwani wenzake, ila mkurugenzi anayeshika kalamu na fedha anateuliwa na Rais. Fahari mmoja kaondoka, sawa. Kamba ya zizi anaishika nani? Mimi naona si mtu wa Chang'ombe bado.

Kwa hiyo ukirudi ghetto jioni, muulize baba mwenye nyumba akuoneshe karatasi yake ya zamani. Akiwa nayo, atakusimulia kuliko mimi. Haya, niwahi ubwabwa kabla foleni haijawa ndefu. Tuko pamoja.