Mapigo ya moyo yasiyo sawa kwa wakimbiaji

Mapigo ya moyo yasiyo sawa (pia: arithimia) ni hali ambayo moyo hupiga bila mpangilio wake wa kawaida: haraka mno, polepole mno, kwa kurukaruka au kwa vurugu. Kwa mkimbiaji hali hii huleta swali moja kubwa: aendelee au aache? Jibu hutegemea aina ya hitilafu na ugonjwa ulio nyuma yake. Aina nyingine hazina madhara na mtu huendelea na mbio zake. Nyingine huhitaji dawa na mbio nyepesi. Chache zinaweza kumwua mtu akiwa anakimbia. Kwa kuwa mtu hawezi kuzitofautisha kwa kuhisi kifua chake tu, kipimo hutangulia uamuzi.

Jinsi moyo unavyopiga

Moyo una vyumba vinne: viwili vya juu (atria) na viwili vya chini (ventrikali). Kila pigo huanzia kwenye kifundo kidogo kilichopo katika chumba cha juu cha kulia. Kifundo hicho hutoa umeme hafifu ambao husambaa kwenye vyumba vya juu, kisha hushuka vyumba vya chini na kuvikaza ili visukume damu.

Mtu mzima aliyepumzika huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Mkimbiaji aliyezoea mazoezi anaweza kuwa na mapigo 40 hadi 60, kwa sababu moyo wake husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Kwake hali hiyo si ugonjwa, mradi hana kizunguzungu wala hazimii. Vilevile ni kawaida, hasa kwa vijana, mapigo kuongezeka kidogo wakati wa kuvuta pumzi na kupungua wakati wa kuitoa.

Aina zinazowapata wakimbiaji

* Mapigo ya ziada: moyo hupiga kabla ya wakati wake, kisha hutulia kidogo. Mtu huhisi kana kwamba moyo umeruka. Watu wengi wenye afya huyapata, na mara nyingi hayana madhara ikiwa moyo wenyewe ni mzima.
* Mbio za ghafla za moyo: mapigo hupanda ghafla hadi 150 au zaidi, kisha hukoma ghafla.
* Mpapatiko wa atria: vyumba vya juu hutetemeka badala ya kukaza, na mapigo huja bila mpangilio wowote. Damu inayotuama humo inaweza kuganda, na donge likipanda ubongoni huleta kiharusi. Mtu mwenye hali hii ana hatari ya kiharusi takriban mara tano zaidi ya asiye nayo.
* Hitilafu za vyumba vya chini: ndizo za hatari kuliko zote, kwa kuwa zinaweza kusimamisha mzunguko wa damu kwa sekunde chache.

Vyanzo

Katika nchi za Ulaya mpapatiko wa atria huwapata zaidi wazee, watu wenye shinikizo la juu la damu na wenye unene uliozidi. Katika Afrika ya Mashariki sababu hizo zipo pia, lakini kuna nyingine inayowakumba vijana: ugonjwa wa valvu za moyo unaotokana na homa ya rumatiki. Huanza na maambukizi ya koo ya bakteria aina ya streptokoki, mara nyingi kwa mtoto wa miaka 5 hadi 15. Kinga ya mwili inayopambana na bakteria hao hushambulia pia valvu za moyo. Miaka inapopita, valvu ya upande wa kushoto inaweza kuwa nene na nyembamba njia yake.

Ugonjwa huu una maana ya pekee kwa mkimbiaji. Moyo ukienda mbio, muda wa damu kupita kwenye valvu iliyobana hupungua. Damu hurudi nyuma kuelekea mapafuni, na mtu huishiwa pumzi mapema kuliko wenzake. Mwanafunzi wa namna hiyo anaweza kuitwa mvivu kwenye kipindi cha michezo kumbe ni mgonjwa. Kwa wanawake wengi ugonjwa hujitokeza mara ya kwanza wakati wa ujauzito, moyo unapolazimika kusukuma damu nyingi zaidi.

Sababu nyingine ni upungufu wa damu, homa, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, pombe, vinywaji vya kuongeza nguvu, mirungi, na upotevu wa maji na chumvi kwa kuhara au kutoka jasho jingi. Baadhi ya dawa za malaria, kama kwinini, huweza kuathiri umeme wa moyo, kwa hiyo mtu anayezitumia hapaswi kufanya mazoezi makali.

Faida na kikomo cha mazoezi

Mazoezi ya wastani huukinga moyo. Hushusha shinikizo la damu, hupunguza uzito na hupunguza uwezekano wa kupata mpapatiko wa atria. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki.

Hata hivyo mbio ndefu na kali za miaka mingi zinaweza kuongeza hatari hiyo, kwa sababu vyumba vya juu hutanuka. Utafiti wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia watu zaidi ya 52,000 walioshiriki mashindano ya kuteleza kwenye theluji ya kilomita 90 yaitwayo Vasaloppet. Waliomaliza mashindano hayo mara tano au zaidi walipata mpapatiko wa atria zaidi kuliko waliomaliza mara moja.

Wanamichezo kadhaa wamerudi baada ya matibabu. Robert Gesink, mwendesha baiskeli wa Uholanzi, alifanyiwa matibabu ya hitilafu ya mapigo mwaka 2014, na mwaka 2015 alimaliza Tour de France akiwa wa sita.

Dalili za kusimamisha mbio

Mkimbiaji anapaswa kuacha kukimbia na kwenda hospitali akipata mojawapo ya haya:

* kuzimia au kukaribia kuzimia wakati wa kukimbia;
* maumivu au kubanwa kifua;
* kuishiwa pumzi kusikolingana na kasi;
* moyo kwenda mbio na kutotulia baada ya kupumzika;
* udhaifu wa ghafla wa mkono, mguu au uso, au kushindwa kusema, ambazo ni dalili za kiharusi.

Aliye na ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana anapaswa kupimwa hata kama hana dalili.

Vipimo

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo. Vidole viwili huwekwa kwenye kifundo cha mkono, chini ya dole gumba, na mapigo huhesabiwa kwa dakika nzima. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha mara nne hakufai hapa, kwa kuwa mapigo yasiyo sawa hudanganya.

Hospitalini hufanyika kipimo cha umeme wa moyo (ECG), ambacho huchukua dakika chache na hakiumizi. Hitilafu inayokuja na kuondoka huweza kuhitaji kifaa kinachovaliwa saa 24 au zaidi. Kipimo cha mawimbi ya sauti (eko) huonyesha valvu na misuli ya moyo. Kwa kijana wa Afrika ya Mashariki mwenye mpapatiko wa atria, eko ni ya lazima ili valvu zionekane.

Kukimbia baada ya kupata ruhusa

* Kuanza kwa kutembea haraka dakika 20 hadi 30, kisha kuchanganya kutembea na kukimbia taratibu kwa wiki kadhaa.
* Kutumia kipimo cha mazungumzo: anayeweza kuongea lakini hawezi kuimba yuko kwenye kasi ya wastani. Kipimo hiki ni bora kuliko saa ya mkononi, ambayo hukosea mapigo yanapovurugika.
* Kukimbia asubuhi au jioni, kunywa maji, na kukimbia na mwenzake anayejua hali yake.
* Kutokimbia siku ya homa. Msuli wa moyo ukipata uvimbe kutokana na virusi, mapumziko huwa ya miezi kadhaa.
* Kuhesabu kazi nyingine za nguvu. Katika vijiji kama vya kata ya Ngulyati, wilayani Bariadi, mtu anaweza kuwa ameshalima pamba kwa jembe la mkono au kuendesha baiskeli hadi mnadani. Hayo nayo ni mazoezi, na moyo hauyatofautishi na mbio.

Dawa na mazoezi

Dawa za kupunguza kasi ya moyo, kama atenololi na bisoprololi, hushusha pia kiwango cha juu cha mapigo. Mkimbiaji huhisi mguu mzito na hapaswi kulazimisha kasi yake ya zamani. Digoksini hutuliza mapigo mtu akiwa amepumzika, lakini huyazuia kidogo tu wakati wa mazoezi.

Warfarini huzuia damu kuganda. Kwa wenye valvu iliyobana kutokana na homa ya rumatiki, utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba dawa za aina hiyo ziliwafaa kuliko rivaroksabani, ambayo ni mpya. Kipimo cha damu kiitwacho INR hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Mboga za majani, kama mchicha, matembele na majani makavu ya kunde ambayo Wasukuma huyaita nsansa, hazikatazwi. Kinachotakiwa ni kula kiasi kinacholingana kila wiki, kwa sababu vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa. Anayetumia warfarini asimeze diklofenaki au aspirini kwa maumivu ya misuli bila ushauri wa daktari, kwani anaweza kutokwa damu tumboni. Akianguka na kugonga kichwa, aende hospitali hata kama hana jeraha.

Huduma mkoani Simiyu

Mgonjwa huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu iliyopo Bariadi. Rufaa ya kanda ni Bugando, jijini Mwanza. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, jijini Dar es Salaam, hutoa matibabu ya kibingwa, yakiwemo upasuaji wa valvu na kuweka betri ya moyo.

Kinga huanza shuleni. Mtoto mwenye koo linalouma pamoja na homa apelekwe kutibiwa. Aliyekwisha kupata homa ya rumatiki huchomwa sindano ya penisilini kila wiki 3 hadi 4 kwa miaka mingi ili isirudi.

Mtu akianguka

Tarehe 17 Machi 2012 Fabrice Muamba, mchezaji wa Bolton mzaliwa wa Kinshasa, alianguka uwanjani jijini London. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78, lakini alipona kwa kuwa huduma ilianza palepale. Aliacha soka mwaka huohuo.

Mkimbiaji aliyeanguka, asiyeitika wala kupumua kawaida, akandamizwe kifua katikati kwa mikono miwili, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, huku mwingine akiita msaada. Asimwagiwe maji wala kunyweshwa chochote. Kazi hiyo isikome hadi apumue au wahudumu wa afya wafike.

Tazama pia

* Moyo
* Kiharusi
* Shinikizo la juu la damu
* Mkoa wa Simiyu