Uwanja wa Kuzuia Mbu

Ukishuka daladala Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, ukakata kwa miguu kuelekea Kariakoo, huoni dalili yoyote kwamba umevuka mpaka. Ni uwanja tu: miti, mnara wa Uhuru, watu waliojinyoosha kivulini. Ila uwanja huo haukubaki wazi kwa bahati. Wajerumani ndio waliouwazia, na Waingereza wakaukamilisha baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwa kuondoa nyumba zilizokuwapo. Shabaha ilikuwa kuuweka mji wa Waafrika mbali na Uhindini na Uzunguni, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya.

Mwaka 1891, Dar es Salaam ilipofanywa makao makuu ya koloni, Wajerumani walitoa amri ya ujenzi. Haikutaja rangi ya mtu. Ilitaja aina ya nyumba. Ufukweni mashariki ziliruhusiwa nyumba za mtindo wa Kizungu peke yake. Za udongo na makuti zikasukumwa nyuma. Kanuni za Waingereza za mwaka 1924 zilifuata njia hiyo hiyo: eneo la kwanza makazi ya Kizungu, la pili maduka na makazi yaliyogeuka kuwa Uhindini, la tatu nyumba "za kienyeji". Karani wa serikali angeweza kuapa mbele ya yeyote kwamba sheria haimbagui mtu, na kwenye karatasi asingekuwa mwongo.

Sayansi nayo iliitwa kutoa ushahidi. Robert Koch alifanya uchunguzi wa malaria mjini humo mwaka 1897 na 1898. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walianza kupima damu za wakazi na kugawa kwinini kwa waliokutwa na vimelea. Baadaye ikashika hoja kwamba mwili wa Mwafrika ni ghala la malaria, na kwamba mbu hataweza kuvuka uwanja mpana mtupu. Hoja hiyo ilikuwa na tundu kubwa kuliko la chandarua kikuukuu: mpishi, yaya na boi walilala kila usiku katika vibanda vya uani, huko huko Uzunguni. Mtumishi hakuhesabiwa kuwa ghala la malaria ilimradi chai ilifika mezani kwa wakati.

Hospitali ziligawanywa vivyo hivyo. Ile ya Ocean Road, iliyofunguliwa mwaka 1897 penye upepo wa bahari, ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyobeba jina la Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo aliyeifadhili kwa mali yake. Kwa maneno mengine, serikali iliyotoza kodi ya kibanda iliacha sehemu ya tiba ya walipa kodi hao itegemee sadaka ya mfanyabiashara. Ilipokuja hospitali ya Princess Margaret mwaka 1956, ambayo leo ni Muhimbili, jina la Sewa Haji lilihamia huko na kubaki kwenye jengo la wodi.

Hata hivyo, kilichoumiza zaidi hakikuwa ukuta wa hospitali. Kilikuwa bomba. Mitaro, maji na lami vilianzia ufukweni, vikafika Kariakoo vikiwa vimechelewa na vichache. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati na choo cha shimo uani, ilijengwa kwa familia moja. Mishahara ya kikuli ikailazimisha ipangishwe chumba kwa chumba, shimo likiwa lile lile.

Uhuru ulifuta rangi kwenye milango. Katika nyumba za Oysterbay walizoacha Wazungu wakaingia wakubwa wa serikali, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 zahanati zilisambaa vijijini kwa kasi ambayo mkoloni hakuwahi hata kuijaribu. Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama za matibabu ukarudisha pesa dirishani. Lakini mabomba ya majitaka yaliyolazwa katikati ya mji hayakuwafuata watu Manzese wala Tandale. Huko mvua ikinyesha kuna wanaotapisha vyoo, uchafu uende na mafuriko, kwa kuwa gari la kunyonya ni ghali na uchochoro haulipitishi. Maji ya dumu la mkokoteni, ukipiga hesabu kwa lita, humgharimu mnunuzi zaidi kuliko ya bomba la Masaki, mtaa wa matajiri. Kipindupindu kilipolipuka Agosti 2015, kilianzia Kinondoni, ndani ya wilaya yenye Masaki na Tandale pamoja. Waliojaa kambi za matibabu hawakutoka Masaki.

Mafuriko ya Desemba 2011 yalipozoa nyumba za bonde la Msimbazi, serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, pembezoni kabisa mwa jiji. Baadhi yao walirudi bondeni. Mabwepande hakuna mafuriko, ila kibarua chao kilikuwa Kariakoo, na nauli ya kwenda na kurudi ingekula posho ya siku.