Wanyama Waliomo Ndani ya Kuta za Kua

Göbekli Tepe, kusini-mashariki mwa Uturuki, kuna nguzo za mawe zilizosimamishwa zaidi ya miaka 11,000 iliyopita, zimechongwa mbweha, nyoka, nge na tumbusi. Tangu Klaus Schmidt aanze kuchimba pale mwaka 1995, wataalamu wanabishana: je, ni alama za koo, walinzi wa wafu, au wahusika wa hadithi zilizosahaulika? Waliochora twiga na pofu kwenye miamba ya Kondoa nao hawakutuachia maelezo.

Magofu ya Kua, kisiwani Juani, Mafia, ni ya juzi tu ukiyalinganisha na hayo. Ni mji wa Waislamu: misikiti, makaburi na jumba la watawala lililokuwa na ghorofa. Anayetafuta sura ya mnyama kwenye mihrabu hataipata, maana nyumba ya ibada haiwekwi sanamu. Mafundi wa pwani walionesha ustadi wao kwa maua, mikufu na kamba zilizosokotwa. Nje ya misikiti mkono ulikuwa huru zaidi: kuta za Songo Mnara na Gedi zimechorwa vyombo vya baharini, na milango ya Unguja ina samaki, wanaosemekana kuwa ishara ya uzazi.

Lakini mimi nasema wanyama wapo Kua, tena kuta nzima. Mawe yake ni matumbawe, mifupa iliyojengwa na viumbe wadogo wa bahari. Tumbawe la kuchonga lilikatwa chini ya maji likiwa bichi na laini, likachongwa kwa tezo kabla halijakauka na kuwa gumu. Hata chokaa ilitokana na matumbawe yaliyochomwa juu ya rundo la magogo.

Na watu wa Juani waliijua bahari vizuri. Miaka ipatayo 1,500 iliyopita, kabla ya Kua, Juani ilikuwa na wafua chuma ambao chakula chao kilitoka kwa kiasi kikubwa majini. Mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza unataja kisiwa cha Menouthias, ambako kasa walinaswa kwa matenga. Wapo wanaosema ni Unguja au Pemba, wengine Mafia. Kasa wangali wanataga Juani hadi leo, na papa potwe huja upande wa Kilindoni, kwenye kisiwa kikuu cha Mafia.

Mnamo miaka ya 1820 Wasakalava kutoka Madagaska waliivamia Kua, wakaua na kuteka watu, na mji haukukaliwa tena. Tangu hapo mizizi ya miti inapasua kuta, na mvua inakula lipu.

Ukienda Kua, usipande ukuta, usichukue hata kipande cha jiwe. Na wenye mamlaka ya mambo ya kale wakate miti hiyo kwa uangalifu na kuimarisha kuta zilizobaki, kabla hazijaanguka.