Mambo ya kuzingatia unapochagua meko ya kuni ya sebuleni

Katika nyanda za juu kama vile Limuru, Molo na Nyahururu, baridi ya Juni hadi Agosti huwafanya wengi kutamani meko ya kuni sebuleni. Meko yaliyo wazi hupendeza macho, lakini joto lake jingi hupotelea kwenye dohani. Jiko la chuma lenye mlango wa kioo hutoa joto zaidi kwa kuni chache. Mnunuzi hana budi kulinganisha jiko na ukubwa wa chumba, na kuhakikisha dohani inapita kilele cha paa na kusafishwa kila mwaka. Kuni ziwe kavu, zenye unyevu usiozidi asilimia 20. Zaidi ya yote, asizibe matundu ya hewa: gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini.